Shati la Buluu

Nililinunua Mugusu, Jumatano ya mitumba,
buluu iliyokolea, mifuko minne, vifungo vya shaba,
nikajiona mpimaji kamili wa laini ya umeme.
Munguriek aliliona tu, kambini, ng'ambo ya Pakwach,
akaweka sufuria chini ili acheke vizuri.
“Dada, nani kakuambia uje umevaa mtego?”

Sikuelewa hadi saa nne asubuhi.
Mbung'o hapigi zumari kama mbu,
hana salamu, hana hodi,
anakuja na sindano yake ya fundi viatu
anakushona bega na kitambaa pamoja.
Nikapiga. Akaruka. Nikapiga tena, nikajipiga mimi.
Mafuta ya mchaichai niliyouziwa elfu ishirini
waliyalamba kama kachumbari kabla ya nyama.

“Wanapenda buluu,” Munguriek alisema, “na nyeusi.
Serikali huwatundikia vitambaa vya rangi hiyo hiyo
kando ya mto, vimetiwa dawa.
Lako halina dawa.
Lako lina wewe.”

Basi nikavaa fulana yake ya rangi ya udongo,
inanuka dagaa na sabuni ya mche,
na shati tukalitundika kwenye mgunga, hatua mia mbili,
mikono imetanuliwa kwa kijiti, kola imefungwa,
kama mtu anayengoja picha ya pasipoti.

Jioni ni zamu nyingine.
Mbung'o hulala na jua, watu wa heshima;
mbu ndio wanaingia kazini,
na usubi, ambao huwaoni hata uwachukie.
Munguriek alikuwa ameokota mavi ya tembo,
makavu, mepesi kama mkate wa juzi,
akayapanga juu ya makaa, akatupia kivumbasi.
Moshi ukatoka mzito, mtamu kidogo,
ukanipeleka Rwimi, kwa nyanya yangu,
siku ya kufukiza vibuyu vya maziwa.
Tulikohoa, tukala posho na maharage kwa machozi,
tukihama kila upepo ulipohama,
wapimaji watano na dereva, tukizunguka moto
kama saa iliyoharibika.

Chandarua changu kilikuwa na tundu.
La kwanza, ukubwa wa sarafu, nililifunga kifundo.
La pili, ukubwa wa ngumi, nikaliziba kwa soksi.
La tatu sikulitafuta. Nilikwenda kuazima sindano,
Munguriek akanipa chandarua kizima, bado kina mikunjo ya dukani.
“Na wewe?”
“Mimi mtoto wa mto huu. Wamenizoea.
Wanaonja, wanatema.”
Nikamwamini, kwa sababu nilikuwa na usingizi.

Saa nane usiku kibofu kiliniamsha.
Kiboko alikuwa akikata nyasi mahali, kwaru, kwaru,
na kando ya moto uliozimika, Munguriek,
amejifunika gunia la mahindi hadi puani,
anajipiga makofi usingizini:
shavu, shingo, goti, shavu tena,
mtu aliyezoewa.

Sikumwamsha. Ningemwambia nini?
Nilisogeza mavi mawili, nikapuliza hadi makaa yakakumbuka,
nikakaa nikipepea kwa kifuniko cha sufuria
moshi umwendee yeye.
Waliofukuzwa huko wakanijia mimi.
Hesabu ilikuwa ya haki.

Alfajiri aliamka na chafya, shingo imejaa vipele kama mtama.
“Joto hili,” alisema, akijikuna.
Kisha: “Nani kachoma akiba yangu yote?”
“Upepo,” nikasema.
Akaniangalia uso, akanimiminia chai ya kwanza.

Jua lilipokolea tukaenda kuliona shati.
Limejaa: kifuani, kwapani, mfuko wa kalamu,
mbung'o wamefunga mabawa kama mikasi,
wanadunga, wanadunga,
pamba tupu, hakuna tone.
Mkono mmoja ulikuwa umechomoka kijitini.
Ukatupungia.
Na sisi tukapunga, kwa mbali.